ZX81 ya marehemu baba: skrini inazimika kila ninapobonyeza kitufe

*"Shikamoo mwalimu. Marehemu baba alisoma Uingereza mwanzoni mwa miaka ya themanini, akarudi Tanga na kompyuta ndogo nyeusi, Sinclair ZX81, aliyoinunua ikiwa vipandevipande na kuilehemu mwenyewe bwenini. Imekaa kabatini miaka mingi. Mwezi uliopita niliichomeka kwenye TV ya chogo, na baada ya kutafuta stesheni ikaja herufi K kwenye kona ya chini kushoto. Furaha yangu haikudumu. Kila nikibonyeza kitufe picha inapotea kidogo na kurudi, na nikiendesha programu skrini inakuwa tupu mpaka programu iishe. Fundi wa TV wa mtaani kwetu anasema IC ya picha imekufa na kapasita zote zibadilishwe. Anataka aichukue, atafute IC ya kufanana kwenye TV mbovu. Kaka yangu anasema kompyuta za zamani zote zilikuwa hivyo. Mama anakumbuka baba akituambia 'subirini, inafikiri' kila skrini ilipozimika. Je, nimkabidhi fundi? Na kanda tano alizoacha, zenye mwandiko wake, bado zinasomeka?"*

Marahaba, na pole kwa kuondokewa na mzee, hata kama ni siku nyingi. Nianze na la haraka: usimkabidhi fundi mashine hiyo wiki hii. Simsemi vibaya. Ameona picha inapotea, na kwenye televisheni picha ikipotea kuna IC, yaani chipu, ya kulaumiwa. Tatizo ni kwamba anatafuta kitu ambacho hakimo. ZX81 haina IC ya picha. Haijawahi kuwa nayo, na hapo ndipo ulipo mkasa wako wote.

Ukiifungua utakuta chipu nne, au tano kama kumbukumbu yake imegawanywa kwenye chipu mbili. Ya kwanza ni prosesa ya Z80A. Ya pili ni ROM, kumbukumbu ya kudumu, ya kilobaiti 8, yenye BASIC, lugha ya kuandikia programu, na kila kitu ambacho mashine inakijua. Kisha ni RAM, kumbukumbu ya kazi inayofutika umeme ukizimwa, ya kilobaiti 1. Ndiyo, kilobaiti moja, na katika hiyo baiti 125 zinachukuliwa na mashine kwa mahesabu yake hata kabla hujaandika herufi. Ya mwisho ni ULA, chipu iliyotengenezwa na Ferranti kwa oda ya Sinclair, ambayo imekusanya kazi ndogondogo za chipu nyingi ndani ya ganda moja. Mtangulizi wake, ZX80 ya mwaka 1980, alikuwa na chipu 21. Kwa kupunguza hivyo ndivyo Sinclair walivyoweza, Machi 1981, kuuza ZX81 kwa pauni 69.95 ikiwa tayari, na pauni 49.95 kwa mtu kama baba yako aliyekuwa radhi kushika chuma cha kulehemu mwenyewe. Kwa mwanafunzi, pauni ishirini za tofauti hazikuwa mchezo.

Sasa, kama hakuna chipu ya picha, nani anachora hiyo K? Prosesa yenyewe. TV ya chogo huchora picha kwa mwali mmoja unaokimbia kutoka kushoto kwenda kulia, mstari baada ya mstari, picha 50 kwa sekunde. Kila mstari una mikrosekunde 64, na mwali haumsubiri mtu. Mwali ukipita mahali bila kuambiwa cha kuchora, hapo hapachorwi kitu. Kompyuta nyingine za zama hizo zilikuwa na saketi maalumu ya kuuhudumia mwali huo, na prosesa ikabaki na hesabu zake. ZX81 ni kama mama ntilie asiye na msaidizi: anayepika ndiye anayepakua, ndiye anayerudisha chenji.

Na namna anavyopakua ni ya kijanja mno. Niruhusu nikae hapo kidogo. Herufi za skrini zimepangwa kwenye RAM kama orodha. Prosesa inaambiwa iruke ndani ya orodha hiyo na kuitekeleza kana kwamba ni programu. Ikisoma herufi, ULA inaidaka herufi hiyo njiani, na prosesa inapewa sifuri badala yake, ambayo kwa Z80 maana yake ni "usifanye kitu, songa mbele". Muda wa kutofanya kitu ni mapigo manne ya saa, na katika mapigo hayohayo ULA inachukua umbo la herufi kutoka kwenye ROM na kuusukumia mwali nukta nane. Prosesa inadhani inatembea tu, kumbe inapanga herufi. Mwisho wa kila safu ya maandishi kuna alama ya kushuka mstari, ambayo namba yake ni 118. Na 118, kwa Z80, ndiyo amri ya "simama hapo usubiri". Mtu aliyezichagua namba hizo zifanane alijua anachofanya.

Baada ya hapo maana ya skrini tupu haina fumbo tena. Prosesa ikiwa inakokotoa, haichori. Ikichora, haikokotoi. Wasanifu walitoa njia mbili za kuishi na jambo hilo, na zote mbili zimo kwenye vitufe vyako. Katika hali ya FAST mama ntilie hufunga dirisha la duka, anapika mpaka amalize, ndipo anafungua. Skrini inakuwa tupu programu ikiendelea, na inapepesa kwa kila kitufe kwa sababu hata kukipokea kitufe ni kazi ya kukokotoa. Katika hali ya SLOW anapika katikati ya wateja: hesabu hufanyika wakati mwali uko kwenye ukingo wa juu na wa chini wa picha, pale pasipo na maandishi, na ukifika kwenye maandishi anaacha kila kitu na kwenda kuhudumia. Picha inatulia, lakini kazi inakwenda polepole takriban mara nne.

Uliyoniandikia, neno kwa neno, ni maelezo ya FAST. Mashine yako haijaharibika picha. Na kaka yako naye kapatia nusu tu, kwani si kompyuta zote za zamani zilikuwa hivyo, na hata ZX81 nzima haipaswi kuamka ikiwa hivyo. Ikiwashwa huamka katika SLOW. Swali halisi, basi, ni kwa nini ya kwenu iko FAST.

Jaribu hivi leo jioni. Iwashe, subiri sekunde moja au mbili mpaka K ije, shika SHIFT ubonyeze D. Neno SLOW litajiandika lote kwa mkupuo, ndivyo vitufe vya mashine hii vilivyo. Kisha NEWLINE, kitufe cha kuthibitisha amri. Sasa bonyeza P upate PRINT, halafu SHIFT pamoja na NEWLINE, kisha O upate PEEK, amri ya kuchungulia kumbukumbu, andika 16443, NEWLINE. Namba itakayokuja juu ya skrini inatoka kwenye kijisanduku ambamo mashine huweka alama za hali yake. Ikiwa 128 au zaidi, uko SLOW, na kupepesa kunapaswa kuwa kumekwisha. Yawezekana programu uliyokuwa ukiijaribu ina amri ya FAST ndani yake, na hadithi inaishia hapo. Ikiwa chini ya 128, mashine imeikataa SLOW ingawa umeiomba.

Nashuku itakataa, na shaka yangu imetokana na maneno ya mama.

Ili kufanya kazi katikati ya wateja, mama ntilie anahitaji kengele ya kumwambia muda umefika. Kengele hiyo ni waya mmoja kutoka ULA kwenda kwenye mguu wa 17 wa Z80, unaoitwa NMI. Mwali ukiwa ukingoni, ULA inapiga kengele kila mstari, prosesa inahesabu, na hesabu ikitimia inarudi kuchora. ZX80 haikuwa na kengele hiyo, ilikuwa FAST tu maisha yake yote. Lakini ROM mpya ya kilobaiti 8 iliuzwa pia kwa wenye ZX80 waliotaka kuboresha mashine zao, kwa hiyo waandishi wake iliwabidi waifanye ijitambue iko nyumba gani. Walichofanya ni hiki: ikitaka kuingia SLOW, inaiwasha kengele, inasubiri muda unaozidi kidogo mstari mmoja wa TV, kisha inaangalia kama imelia. Ikilia, hii ni ZX81. Isipolia, ROM inahitimisha kwamba iko ndani ya ZX80, inabaki FAST, na haikuambii lolote. Hakuna ujumbe wa kosa. Inaendelea tu na maisha.

Kwa mashine iliyotoka kiwandani hilo ni nadra. Kwa mashine iliyounganishwa mezani bwenini, usiku, na mtu anayelehemu pengine kwa mara ya kwanza, ni kosa la kawaida kabisa: lehemu iliyopoa kabla ya kushika, au mguu mmoja uliojikunja chini ya chipu wakati wa kuichomeka. Kila kitu kingine kingefanya kazi, K ingekuja, BASIC ingekokotoa sawasawa, na mwenye mashine angeamini kabisa kwamba hivyo ndivyo ilivyo. Angewaambia wanawe "subirini, inafikiri". Inawezekana pia mzee aliipenda FAST kwa kasi yake na akaichagua mwenyewe. Wapo wengi walioichagua, hasa waliofanya hesabu ndefu. Namba ya 16443 ndiyo itakayotuamulia.

Ikiwa imekataa, matengenezo ni madogo, lakini kuifungua kunataka subira kuliko kulehemu kwenyewe. Chomoa umeme kwanza. Skrubu ziko chini, na baadhi zimefichwa chini ya miguu ya mpira, ambayo itabidi uibandue taratibu. Ukiinua bodi utaona mikia miwili myembamba ya plastiki inayotoka kwenye kibodi: mmoja una njia tano, mwingine nane. Hiyo ndiyo sehemu dhaifu kuliko zote. Plastiki yake hukauka kwa miaka na kupasuka ukiikunja, na kwa hewa ya chumvi ya Tanga ningeitendea kama karatasi ya msahafu wa kale. Mkia ukipasuka utapoteza vitufe kwa kundi zima. Kibodi mpya za kufanana zinatengenezwa na wapenzi wa mashine hizi huko Ulaya, kwa hiyo si mwisho wa dunia, ila ni gharama na kusubiri posta.

Itafute Z80, chipu ndefu yenye miguu 40 na jina lake mgongoni. Iweke kwa namna ambayo kile kidaka chake, kikato kidogo cha ukingoni, kiko juu. Mguu wa kwanza uko juu kushoto, na unahesabu kushuka. Wa 17 ni wa nne kutoka chini, upande wa kushoto. Kama chipu imekaa kwenye soketi, angalia kwa kioo cha kukuzia kama mguu huo umeingia au umejikunja. Kuiinua kidogo na kuikandamiza tena kunatosha mara nyingi, kwani miguu ya chipu hushika kutu nyembamba. Gusa kwanza chuma kilichounganishwa na ardhi ili umeme tuli wa mwilini usiiue. Kisha geuza bodi, na kwa multimita kwenye mlio wa waya, fuata mstari wa shaba kutoka mguu huo hadi ULA. Lehemu nzuri inang'aa na imeteremka kwenye mguu kama tone la maji lililotulia. Mbovu imefifia na imekaa kama kidonge. Mbovu ipashe moto upya kwa chuma chembamba, sekunde mbili tatu, basi.

Hapo ndipo fundi wako anapoingia, na kwa heshima zote. Kama hujawahi kulehemu, mpelekee, umwonyeshe mguu wa 17, na umwombe afanye mbele yako kwa chuma chenye ncha nyembamba, si kile cha kuunganishia nyaya za spika. Asing'oe ULA. Ferranti haiitengenezi tena, na ingawa wapo wanaounda mbadala, hutaipata dukani. Z80 haitishi hivyo, maana iliendelea kutengenezwa mpaka Zilog walipotangaza mwaka 2024 kuacha kupokea oda.

Kuhusu kapasita, ushauri wa kubadilisha zote umetoka kwenye TV na redio, ambako zinachemka na kufanya kazi nzito. Humu zile zenye majimaji ni chache na ndogo. Pima volti kati ya mguu wa 11 na wa 29 wa Z80: ikiwa kati ya 4.75 na 5.25 na imetulia, ziache. Kinachostahili wasiwasi zaidi ni adapta. Mashine inataka volti 9 za DC, na ncha ya plagi ndiyo chanya. Ndani ya mashine kuna kidhibiti volti, 7805, kilichofungwa kwenye kipande cha alumini. Kitachemka, ni kawaida, hata ukihisi joto juu ya kibodi. Adapta za awali hutoa zaidi ya volti 9 zisipobebeshwa mzigo, na zilizokaa miaka arobaini huweza kuwa na nyaya zilizopasuka upande wa umeme wa nyumbani. Nunua mpya ya volti 9, ampea 1, na hakikisha ncha kabla ya kuchomeka. Soma pia maandishi ya ubavuni, kwani tundu la umeme, la EAR na la MIC yote ni ya ukubwa mmoja. Na ukisikia harufu ya kuungua, chomoa, usiendelee kujaribu "mara moja tu". Hapo mtu mwenye mita na uzoefu aione kwa macho yake. TV ya chogo yenyewe usiifungue kabisa. Ndani mna volti za kuua hata ikiwa imechomolewa.

Hukutaja kama kuna kile kisanduku cha kuongeza kumbukumbu, cha kilobaiti 16, kinachochomekwa nyuma. Kama kipo, kikague mwisho. Kinashikwa na msuguano tu, na kikitikisika kidogo mashine inajisahau yote. Usikichomeke wala kukichomoa umeme ukiwa umewaka. Mimi nilikichomeka hivyo enzi za ujana, kwa haraka, na nilichobakiwa nacho ni kisanduku kizuri cha plastiki.

Nimeziacha kanda mpaka sasa, ingawa ningekuwa wewe ningeanza nazo. ZX81 ziliuzwa zaidi ya milioni moja na nusu; ikifa hiyo, nyingine ipo. Alichoandika baba yako kwenye kanda hizo hakipo kwingine popote. Kwa hiyo kabla ya kushika bisibisi, tafuta redio kaseti nzima, safisha vichwa vyake kwa pamba na spiriti, na ukague kanda kwa mwanga. Zikiwa na ukungu mweupe pembeni, usizicheze. Mpelekee anayehifadhi kanda za muziki, studio kadhaa na redio bado wana watu wa kazi hiyo. Zikiwa safi, zikimbize mbele na nyuma mara moja, kisha unganisha tundu la hedifoni na kompyuta ya leo na urekodi sauti kwa WAV, faili ya sauti isiyominywa, sampuli 44,100 kwa sekunde. Si MP3, na tafadhali usimtumie mtu kwa WhatsApp kama ujumbe wa sauti, kwa sababu itaminywa na data itavurugika. Utakachosikia ni mngurumo mkali wenye vipande: kila biti ni kundi la mapigo, manne kwa sifuri na tisa kwa moja. Kwa kasi hiyo programu iliyojaza kilobaiti 16 huchukua zaidi ya dakika tano, na ya kilobaiti 1 haifiki nusu dakika.

Ukishakuwa na WAV, zipo programu za bure za kuibadilisha kuwa faili, na nyingine za kuiigiza ZX81 ndani ya kompyuta yako. Humo utaziona kazi za mzee zikitembea katika SLOW, pengine kwa namna ambayo yeye mwenyewe hakuwahi kuziona. Ukitaka kuzipakia kwenye mashine halisi, bonyeza J, kisha SHIFT na P mara mbili, NEWLINE, cheza sauti kwenye tundu la EAR kwa robo tatu ya sauti yote, na usishtuke skrini ikijaa michirizi, ndivyo inavyosikiliza.

Usipotaka kutengeneza kabisa, sitakulaumu. Programu za hesabu na maswali na majibu zinafanya kazi vizuri katika FAST, tena haraka zaidi. Utakachokosa ni michezo yenye vitu vinavyotembea. Na kama wazo la kuuza limepita kichwani, fahamu kuwa iliyokwisha kuunganishwa haina bei ya kutisha, kwa sababu zipo nyingi.

Niandikie namba uliyoipata kwenye 16443, na kama chipu zako ziko kwenye soketi au zimelehemiwa moja kwa moja.